Barua Iliyolala Mfukoni mwa Shabani

Ninyi vijana mtakaoishika karatasi hii, wa Bertrams na Jeppestown hapa Johannesburg, na ninyi mliozaliwa hapa hapa mnaonielewa nikisema Kiswahili halafu mnanijibu Kiingereza, kaeni mnisikilize. Simu wekeni kando. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo sitawazungusha. Nina jambo moja la kuwaambia na nitalisema mwisho. Kabla ya hapo nitawaambia ubaya nilioufanya mimi mwenyewe, maana simpendi mzee anayewaambia vijana fanyeni hivi, fanyeni vile, kana kwamba yeye alizaliwa na mvi.

Siku yenyewe naikumbuka hata nguo niliyovaa. Nilikuwa Tanga, mtaa wa Ngamiani, nina miaka ishirini na moja. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, akienda safari mwezi unaisha. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya, na mama yangu mzazi ndiye aliyenilelea. Yeye alimwogesha, yeye alimpikia uji, mimi asubuhi najitwisha beseni langu la samaki wa kukaanga naenda kuuza. Baba yangu alikuwa ameshafariki, mwaka wa tano ule. Mama alikuwa na miaka hamsini na kidogo. Siku hizo nilimwona kikongwe. Leo nina sitini na saba, na ninawaambia, mtu wa hamsini ni mtoto.

Palikuwa na mzee mmoja, Mzee Sefu, aliyekuwa mpimaji wa mkonge bandarini mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Kila akitoka sala ya alasiri anasimama mbele ya baraza yetu, anauliza hali ya mtoto. Anauliza hali ya mtoto, lakini macho hayako kwa mtoto. Mimi sikuona kitu. Mama aliona, maana alianza kufagia baraza mara mbili kwa siku, na ikifika saa tisa anavua leso ya kushindia anavaa ya kutokea.

Basi siku hiyo mama alikwenda kumtazama mgonjwa, akaja Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mshenga wa mtaa mzima. Akipita na buibui lake jipya, watu wanaulizana anaingia nyumba gani. Akanipa bahasha imefungwa ndani ya kitambaa cheupe.

"Mpe mama yako mkononi," akaniambia. "Si juu ya meza. Mkononi."

Alipoondoka nikaifungua. Darasa langu la nne lilinitosha kuelewa kwamba Mzee Sefu anaposa. Mama hakujua kusoma. Hata angeipokea yeye, mimi ndiye ningemsomea. Nilikaa na barua ile aibu imenijaa mpaka masikioni. Mashoga zangu watasema nini? Mama yangu, ana mjukuu mgongoni, apakwe hina? Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini chini ya aibu ile palikuwa na swali jingine, na nilikaa miaka mingi bila kulikubali. Nani atanilelea mtoto?

Nikaitia jikoni, juu ya makaa. Kitambaa nikakibakiza, nikamfutia mtoto pua.

Jioni mama akarudi. Akavua buibui, akakaa, akaniuliza huku anatazama pembeni, "Mwanangu, nilipotoka hakuja mgeni?"

"Hakuja, mama."

Sasa mjue desturi yetu, kwa sababu ninyi mnaotongozana kwa simu hamuijui. Barua ya posa hujibiwa. Ukikubali unajibu, ukikataa unajibu, kwa maneno ya heshima. Isipojibiwa kabisa, mwanamume na watu wake wanajua wamekataliwa, tena kwa dharau, na mtu mwenye haya zake harudi kuuliza. Mzee Sefu alingoja juma la kwanza, la pili, la tatu. Akaacha kupita kwetu. Mwezi haujaisha akahamia Muheza kwa mwanawe. Kwa siku kadhaa mama aliendelea kufagia baraza mara mbili. Kisha akawa anafagia mara moja.

Ikapita miaka miwili. Tulikuwa kwenye harusi ya jirani, wanawake tumekaa uani tunachambua mchele. Bi Tatu akawa anamsema mama yangu, ati ana kiburi, amepelekewa barua na mtu mzima mwenzake hata jibu hakutoa. Ulimi ukaniponyoka. "Hakuiona," nikasema. Mikono yote ikasimama juu ya nyungo.

Bi Tatu hakunipigia kelele. Aliniinua kwa mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, akanikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ungemnyima mama yako mume, ningekuelewa," akaniambia. "Watoto wana wivu. Lakini wewe umemnyima jibu. Miaka miwili yule bwana anajua mama yako hana adabu, na mama yako anajua yule bwana alikuwa anapita njia tu. Wote wawili umewasingizia. Inuka. Utamwambia leo hii, na mimi nitakuwa mlangoni nisikie."

Nikamwambia. Mama alikuwa anakata mchicha. Alilikata fungu zima, na mimi nimesimama mbele yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Kisha akasema, "Labda ningemkataa. Alikuwa akitafuna tumbaku." Akachukua fungu la pili. "Lakini ningemkataa vizuri. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu."

Mpaka anaingia kaburini hakuniambia maneno yale yalikuwa ya kukubali au ya kukataa. Na Mzee Sefu alikuwa ameshaoa huko huko Muheza.

Hayo sikumwambia mtu mwingine yeyote, si mume wangu, si watoto wangu, mpaka mwaka huu, hapa Johannesburg.

Nilikuwa nikiishi Bertrams kwa mwanangu wa pili, Shabani, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari. Mume wangu ana miaka tisa kaburini. Mke wa Shabani anafanya kazi ya usafi hospitalini, anatoka alfajiri, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa mikononi mwangu: wajukuu wanne, wa mwisho mapacha, jiko, nguo, shule, madrasa. Mkubwa wao ni Zuhura, ana miaka kumi na saba. Ndiye anayenipigia chapa karatasi hii, na nimemkataza kurekebisha neno langu hata moja.

Jumamosi watoto wa Waswahili wa hapa, Watanzania, Wakongo, Warundi, hukusanywa kwenye ukumbi wa mtaa wafundishwe lugha ya wazazi wao. Mwalimu wao ni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi wa nywele, mwenye sauti ya kusikika mpaka kule uwanja wa mpira. Kanisani kwao mjane mmoja aliolewa, watoto wake wakasusia harusi ya mama yao. Jambo lile lilimkera Mama Furaha, akaamua watoto wa darasa lake wacheze mchezo wa kuigiza kuhusu wazee wanaooana. Kisa cha kuchezwa hakuwa nacho. Zuhura akaja kuniuliza mimi.

Nilikuwa namenya vitunguu. Sijui ilikuwaje, labda vile vitunguu, nikamweleza habari ya barua ya mama yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Zuhura akavuta daftari lake. "Bibi, naweza kuiandika?"

"Iandike," nikamwambia. "Ila aliyeficha barua usimfanye mzuri."

Basi mimi nikapewa kuwa mama yangu. Mama Furaha akawa Bi Tatu. Wa kuwa Mzee Sefu wakamleta Mzee Rajabu, mtu wa Kigamboni, mgane wa miaka mingi, mwenye karakana yake Jeppestown anakovalisha makochi ya zamani vitambaa vipya. Alikuja na kochi la kijani la kuwekwa jukwaani. Sikuwa namjua zaidi ya salamu za Idi.

Mazoezi ya kwanza alitakiwa apite mbele ya baraza, aulize hali ya mtoto. Mtoto alikuwa mdoli. Akapita, akasimama, akauliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikajibu kama ilivyoandikwa.

"Na anayemlea je, kala?"

"Hayo hayamo," nikamwambia.

"Najua hayamo. Nauliza tu. Nimekuja na mihogo."

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Juma la pili akaja na mihogo tena, na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Huyu ni mtu ambaye kila siku anatafuta miwani yake, nayo iko kichwani, lakini maneno ya mchezo hakusahau hata moja. Mama Furaha akanivuta pembeni.

"Mama Shabani, ule papa haiko anacheza. Mimi nasuka kichwa ya bibi-arusi kila juma, najua macho ya mutu."

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza, mama. Lakini macho njo ile ya bwana-arusi."

Wa kuwa mfichaji wa barua alikosekana. Nilisema aliyeficha ni binti, Zuhura akasema wasichana wote wanataka kuwa bibi arusi, hakuna anayetaka kuwa mbaya. Shabani alikuja kuteremsha mabenchi kutoka kwenye gari lake la mizigo, baki kama wanavyoliita hapa. Mama Furaha akamshika mkono. Mfichaji wa barua afanywe mtoto wa kiume, basi.

"Eish, mama, mimi?" Shabani akaniuliza.

"Wewe. Na uvae nguo zako za kazi, zinamfaa mtu mbaya."

Sasa nawaambia jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua wakati huo, ili msihangaike kama nilivyohangaika. Juma la tatu la mazoezi, wazee wawili wa msikitini walikwenda karakana ya Shabani, wakampa barua imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Mzee Rajabu alikuwa ameniposa. Aliipeleka kwa Shabani kwa heshima, kwa sababu ndiye mwanamume wa nyumba. Shabani akafuta mikono, akaipokea, akasema sawa wazee wangu, itafika. Akaitia mfuko wa ndani wa ovaroli.

Haya ameniambia mwenyewe baadaye. Alirudi nyumbani jioni ile na nia ya kunipa. Akanikuta nimemlaza pacha mdogo miguuni namkuna mgongo, pacha mwenziwe anasoma juzuu yake mbele yangu, sufuria linachemka, nguo za shule zimekunjwa. Akasimama mlangoni akaiona nyumba ile bila mimi. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akasema kesho. Na kesho yake akasema kesho.

Mimi niliona upande mmoja tu. Juma lililofuata Mzee Rajabu alikuja bila mihogo. Akasimama mbele ya baraza, akauliza, "Mtoto hajambo?" Nikajibu hajambo. Nikangoja. Akapita. Yaliyoandikwa aliyasema, na zaidi ya yaliyoandikwa hakutia hata chembe. Juma jingine vile vile. Nilikasirika, halafu nikajikasirikia kwa kukasirika. Na niseme ukweli: nilikuwa nimeanza kuvaa leso yangu ya kutokea siku za mazoezi. Nikarudi kwenye ya kushindia.

Kisha Mama Furaha akaja na habari. "Ule papa anahama, mama. Ukiisha muchezo anaenda Durban kwa binti yake. Karakana ameshapata wa kumwachia."

"Safari njema," nikasema. Nikakata kitunguu kilichokuwa kimeshakatwa.

Na Shabani naye akawa anaharibu kila siku. Maneno yake yalikuwa mawili tu, "Hakuja, mama." Akifika hapo anakohoa. Anafunga kamba ya kiatu. Mara moja alisema, "Sijui, mama, labda," mpaka Zuhura akatupa daftari.

"Baba, ni maneno mawili!"

"Najua ni mawili," Shabani akasema. "Acha kunisumbua."

Ikafika Jumapili ya mchezo, mchana. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Pazia lilikuwa kanga sita zimeshonwa pamoja, zinaning'inia kwenye kamba. Wakongo walikuja wametoka kanisani na suti zao, Watanzania na mabakuli ya chakula, hata majirani Wazulu walikuja, wanatafsiriwa na watoto. Mzee Rajabu alipopita mara ya kwanza kuuliza hali ya mtoto, mama mmoja wa Kizulu akasema kwa sauti maneno ambayo Zuhura alikataa kunitafsiria.

Bi Tatu wa Bukavu akaleta barua. Shabani akaipokea, akaitia ndani ya jiko la mkaa, watu wakaguna. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nikavua buibui, nikakaa juu ya kochi la kijani, nikatazama pembeni kama alivyotazama mama yangu, nikauliza:

"Mwanangu, nilipotoka hakuja mgeni?"

Shabani akakohoa, akainamia kamba ya kiatu.

Nyuma ya pazia Zuhura akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika benchi la mwisho. "Baba. Hakuja. Sema hakuja."

Mwanangu ana miaka arobaini na miwili, ana ndevu, na midomo yake ilikuwa inacheza kama alipokuwa na miaka sita amenivunjia bakuli la udongo.

"Alikuja, mama," akasema.

Akatia mkono ndani ya ovaroli, akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe, akaniwekea mkononi. Watu wakapiga makofi. Mama Furaha, aliyekuwa anangoja kuingia, akasema pale pale aliposimama, "Non, non, ile barua ilishaungua."

Nikavaa miwani. Juu ya bahasha palikuwa na alama ya kidole cha grisi, na chini ya alama jina: Bi Mwanahamisi binti Omari. Halikuwa jina la mchezo. Jina langu. Nikafungua, nikasoma taratibu, na ukumbi mzima umekaa unanitazama nasoma. Yaliyoandikwa humo ni yangu, sitawaandikia. Nitawaambia tu kwamba mihogo ilitajwa.

"Imelala kwako siku ngapi?" nikamwuliza Shabani.

"Kumi na tisa, mama."

Watu wote wakacheka, isipokuwa watatu. Mimi, yeye, na Mzee Rajabu aliyesimama pembeni ya jukwaa, kofia mkononi. Nilimtazama usoni. Siku kumi na tisa alikuwa anajua kwamba mimi ni mwanamke nisiye na adabu, nisiyejibu barua ya mtu mzima, na bado kila Jumamosi alikuja kumwuliza mdoli hali. Nikaona jinsi uso ule ulivyokuwa unafunguka kidogo kidogo. Ndipo nilipojua, baada ya miaka yote hii, uso wa Mzee Sefu ulivyokuwa umefungwa njiani kwenda Muheza.

Nikasimama. "Mzee Rajabu," nikasema, "barua yako nimeipata leo, sasa hivi, mbele ya watu hawa wote. Sikuinyamazia. Jibu utaletewa kwa desturi. Sasa rudi mahali pako tumalize mchezo, watoto hawajala."

"Nimekuelewa, Bi Mwanahamisi," akasema. Akavaa kofia, akaivaa ndani nje.

Kuumaliza mchezo kulikuwa maneno tu. Mama Furaha aliingia kumkemea mfichaji wa barua kama ilivyoandikwa, akafika katikati ya jukwaa, akatutazama, maneno yakamtoka kichwani yote, akapiga vigelegele. Watoto wakadhani ndio mwisho, wakaingia wote kucheza ngoma ya harusi waliyopangiwa kufungia. Pazia likaanguka juu ya Mzee Rajabu. Mama wa Kizulu akapanda kumtoa ndani ya kanga, akanikonyeza, na safari hii sikuhitaji mkalimani.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha Shabani jikoni, nikafunga mlango.

"Mama, nilidhani utaondoka," akasema.

"Nikikubali, nitaondoka. Ameandika kwamba atapanga vyumba viwili mtaa wa Observatory."

"Observatory?"

"Robot tano, taa tano tu za barabarani, kutoka mlangoni hapa. Wewe ulidhani naolewa mwezini?"

Akacheka, halafu akafunika uso kwa mikono. Nilimwacha. Kulia kwa mtu mzima kunataka nafasi yake. Alipomaliza nikamwambia, "Unajua kwa nini sikugombezi? Kwa sababu mimi niliitia jikoni. Wewe uliitunza. Lakini ungekaa siku mbili zaidi, majuma matatu yatimie, ungekuwa sawa na mimi."

"Kila nikisema hakuja, nayaona macho yako," akasema.

"Ndiyo maana ulikuwa mchezaji mbaya."

Jibu nililiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ya tatu. Nilimvisha Shabani kanzu nikamtuma kwa miguu kutoka Bertrams hadi Jeppestown, baki limefungiwa, barua ndani ya kitambaa kipya cheupe. Ampe mkononi, si juu ya meza. Mzee Rajabu alimkaribisha chai, akamkalisha kwenye kochi lililotolewa springi, akaisoma barua mara mbili polepole huku Shabani amezama magoti yakimgusa kidevu. Sijui kama alifanya makusudi. Nimemwuliza, anasema hakumbuki.

Nilikubali. Maneno nilikuwa nimeshapanga. Kaka yangu wa Tanga ndiye walii wangu. Alimpa sheikh uwakili kwa simu, tukafungishwa ndoa sebuleni kwa Shabani. Mama Furaha alinisuka, na nilipomwambia nywele zangu zimebaki chache akasema atasuka hizo hizo, moja moja. Binti wa Mzee Rajabu alikuja kutoka Durban na mizigo ya baba yake iliyokuwa imekwisha kutangulizwa kwake, akairudisha yote. Shabani alisimama mlangoni akipokea wageni na wote wakimwuliza, bwana, una barua yangu? Alicheka kila mara. Alistahili.

Na nyumba ile haikuanguka. Mkwe wangu ameomba zamu nyingine kazini, akapewa. Shabani amejifunza kupika wali, unaungua chini lakini unalika. Watoto wakitoka shule wanapanda kilima wanakuja kwangu, wanamkuta babu yao anapiga misumari ya kochi na redio juu, mimi namwambia punguza, yeye anasema haisikiki. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa, mwanangu unayesoma, lile jambo moja ni hili. Mzee wako ni mtu. Ana moyo wake, ana haya zake, ana maneno yake aliyoyapanga kichwani wewe ukimwona ameketi tu anachambua mchele. Habari yake ikija, usiichuje. Usiseme namlinda. Mara nyingi unayemlinda ni wewe mwenyewe, na chakula chako cha jioni, na mtoto wako wa kulelewa. Jiulize hilo kwanza, kwa ukweli, kabla hujasema watu watanicheka. Usimwamulie aolewe, usimwamulie asiolewe. Huenda atakataa. Mwache akatae kwa kinywa chake, avae leso nzuri, akatae vizuri, mwenziwe arudi kwake na heshima yake mkononi. Na kama umeshaficha, basi toa leo. Usingoje jukwaa. Ukikawia utakuwa kama mimi, unamweleza mama yako habari ya makaa, naye anakata mchicha.

Mungu awape umri mrefu, na afya ya kuufaidi. Awape mtu wa kuwauliza mmekula, hata mkiwa hamna meno. Awape watoto wasio na mifuko ya ndani. Na mama yangu, huko aliko, asomewe barua yake na mwenye sauti nzuri kuliko yangu.

Siku niliyohama, kabla baki halijapakiwa, niliwakusanya wote jikoni, Shabani, mkewe, Zuhura na wadogo zake, nikatoa amri, na amri hiyo iko palepale mpaka leo. Nikasema: katika nyumba hii, kitu chochote kikija kina jina la mtu, barua, simu au salamu ya mdomo, apewe mwenye jina, mkononi, siku hiyo hiyo, na atakayejibu ni yeye. Iwe ya mzee, iwe ya mtoto, iwe ya paka.

"Bibi, hatuna paka," pacha mmoja akasema.

"Akipatikana," nikamwambia, "apewe barua yake."